Kifuniko cha Manjano

Miaka ile ukikaa Kalobeyei hukuhitaji kalenda. Siku ya meseji uliijua kwa masikio. Asubuhi simu zilikuwa zinaanza kulia nyumba kwa nyumba, mtu mmoja anapiga kelele "Imeingia!", na kabla jua halijapanda, njia yote ya kwenda dukani imejaa akina mama wenye mifuko mitupu na watoto nyuma yao. Hata mbuzi walikuwa wanajua, nadhani, kwa sababu siku hiyo walikuwa wanakuja kusimama karibu na magunia.

Kwa wenzangu mnaosoma hii mkiwa Nyarugusu au Nakivale, na mambo yenu ni tofauti, nieleze kidogo. WFP walianzisha Bamba Chakula kule Kakuma mwaka 2015. Bamba ni neno la Sheng, maana yake shika, pata. Badala ya kupanga foleni kupimiwa nafaka, pesa ya chakula ilikuwa inaingia kwenye laini ya simu, na uliitumia kwenye maduka yaliyosajiliwa. Chakula ulichagua mwenyewe, ila pombe na sigara hapana. Kalobeyei ilipofunguliwa mwaka 2016, jirani tu na Kakuma, sisi tulianzishiwa shilingi 1,400 kwa kila kichwa kwa mwezi. Familia ya watu sita, 8,400.

Tulifurahi, sitasema uongo. Kwenye foleni ya posho hakuna mtu anayekuuliza unapenda nini. Unafungua mfuko wako, unamwagiwa, unaenda. Sasa mama aliyekula mbaazi za msaada miaka saba anasimama mbele ya kaunta, anaulizwa, "Mama, nikupe nini?" Nilimwona mmoja akashindwa kujibu, akacheka, akafunika mdomo kwa kitenge. Kuchagua ni heshima. Hilo nalisema mapema ili nikianza kusema mengine mtu asidhani nataka turudi kwenye foleni.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa kaunta. Nilianza kazi ya duka mwaka 2017, nina miaka kumi na tisa. Duka lilikuwa la mabati, mbele wavu wa chuma, juu paneli ya sola. Mwenye duka nitamwita Bosi, kwa sababu ndivyo nilivyomwita na sitaki kumtaja zaidi. Alikuwa mkimbizi kama mimi, si Mkongomani, Kiswahili chake alikiokota Eastleigh. Shule alikuwa na ya madrasa tu, lakini kuhusu mtu anayenunua alijua mambo ambayo baadaye nilikuja kuyakuta kwenye vitabu vya watu wenye digrii tatu.

Wiki ya kwanza aliniona nachota unga kutoka gunia lililofika nusu. Akaniita.

"Kijana, hiyo gunia iko na njaa."

Sikuelewa.

"Gunia ikiwa na njaa, mteja naye anaanza kuogopa njaa. Anashika pesa yake. Ivalishe."

Kulivalisha gunia maana yake ni hivi: kila unga unaposhuka, unakunja ukingo wa gunia chini, unakunja tena, mpaka unga unatokea juu kama mlima. Gunia likifika robo unaliinua, unaweka boksi tupu chini yake. Mteja anayeingia saa kumi jioni anaona magunia yote yameshiba. Na kipimo chetu kilikuwa halali, hilo naweza kuapa. Gorogoro letu halikubonyezwa kitako kama ya watu wengine. Ulilipa kilo mbili, ulipata kilo mbili. Ila zile kilo mbili ulizichota kutoka mlimani.

Nyanya zilikuwa zinatoka Kitale kwa lori, zikifika zimechoka kama sisi tulivyofika. Bosi alinunua turubai ya rangi ya chungwa, akaifunga juu ya meza ya nyanya tu, vitunguu akaviacha juani. Nikadhani anazikinga na jua. Siku upepo ulipoing'oa turubai (na upepo wa Turkana hauna adabu) nikaona nyanya zangu zimepauka, nyingine zina mabaka ya kijani. Mama mmoja aliyekuwa ameshazichagua akazirudisha moja moja mezani. Akasema zimeharibika. Zilikuwa zilezile alizozishika dakika moja kabla.

Biskuti ziliwekwa chini, usawa wa goti. Fundi aliitwa akakata rafu mpya kwa ajili hiyo tu. Nilipouliza kwa nini, Bosi akaniambia, "Mama anakuja na laini, mtoto anakuja na macho." Mandazi yalikaangwa mlangoni, si nyuma, na yakakaangwa wakati meseji imeingia, si asubuhi wakati watu wanakunywa chai. Na muziki. Muziki ndio nitausema zaidi.

Alikuwa na flashi mbili. Moja ya rumba ya kwetu: Franco, Tabu Ley, Koffi kidogo kwa vijana. Nyingine ya nyimbo za Sudan Kusini. Spika ilikuwa moja, imefungwa juu ya mlango. Siku ya meseji Bosi mwenyewe alikuwa anatoka nje, anatazama foleni ina watu gani zaidi, anarudi kubadilisha flashi. Sikuandika takwimu, kwa hiyo msinidai. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nachota, na mkono wangu ulijua. Rumba ikipigwa, unga wa muhogo ulitoka. Dagaa kavu walitoka, wale wa bei, ambao siku za kawaida watu wanawatazama tu na kuuliza bei kwa heshima. Watu walikuja wamepanga mahindi na maharagwe, wakaondoka na samaki. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Nimenunua samaki kwa sababu ya wimbo." Walisema watoto wamekonda. Walisema leo ni birthday ya fulani. Walisema tu, "Nimejisikia."

Watu wa mtaa wetu walikuwa na maelezo yao. Walisema Bosi ametia dawa. Ati alienda kwa mganga akapewa kitu, akakifukia chini ya kizingiti, ukivuka tu pesa inakutoka. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa anaruka kizingiti, kweli kabisa, ananyanyua mguu juu kama anavuka mto. Halafu akishafika ndani salama ananunua mandazi.

Nilikuwa nacheka sana. Nilijiona mjanja. Dawa ilikuwa juu ya mlango, inaimba kwa Kilingala, na hakuna aliyekuwa anairuka.

Mama mudogo wangu, mdogo wa marehemu mama, ndiye aliyenilea tangu tulipovuka ziwa. Kwetu ni Fizi, upande wa Baraka. Yeye ni mwanamke wa hesabu. Hajui kusoma, lakini pesa ikipita mkononi mwake anaikumbuka kama mtu anavyokumbuka mtoto wake. Siku zote alikuwa anajisifu kwamba hajawahi kutoka dukani na kitu ambacho hakukipanga nyumbani. Watoto watano, mume aliyebaki huko na habari zake hatuna. Ndiyo 8,400 hiyo niliyosema juu. Mimi nilikuwa na kadi yangu mbali.

Mafuta ya kupikia tulikuwa tunayanunua kwa jerikeni ya lita ishirini, tunayamimina kwenye chupa za nusu lita. Chupa zilikuwa za maji na za soda, watoto wanaziokota, tunazinunua shilingi mbili moja, tunaziosha. Vifuniko vingi vilikuwa vyeupe na bluu. Wiki moja, mwaka 2018, zikaja chupa nyingi zenye vifuniko vya manjano. Sikufikiria chochote. Nilimimina jerikeni moja, nikafunga kwa nilichokuwa nacho, nikapanga rafuni: nyeupe kushoto, manjano kulia, kwa sababu mpangilio unapendeza.

Jioni zile za manjano zilikuwa zimeisha. Nyeupe zimebaki karibu zote.

Kesho yake nikafanya tena, sasa kwa makusudi, kijana ana utundu. Jerikeni ileile. Manjano zikaisha. Nikamuuliza mama mmoja, kwa nini hii? Akaniambia hii imeiva vizuri. Mwingine akasema ile nyeupe ina maji ndani, ukiikaanga inaruka. Mwingine akasema ni ya Uganda, hata ndugu yake wa Nakivale anaitumia. Na mama mudogo, aliyekuwa amesimama pale na mtoto mgongoni, akaninyooshea kidole kabisa:

"Mutoto ya dada yangu, ile ya manjano njo muzuri. Haitoke moshi. Ile ya nyeupe inakwaruza koo."

Nikamwambia Bosi kama kichekesho. Bosi hakucheka. Akaenda rafuni, akashika chupa ya manjano, akaigeuza kwenye mwanga, akairudisha. Kesho yake asubuhi nikakuta ameandika kwa chaki: nyeupe 100, manjano 110.

Wachache waliuliza. Bosi alikuwa anajibu, "Hiyo ni ile ingine." Ile ingine ipi, hakusema. Mimi nikiulizwa nilikuwa nasema, "Ni ile ya manjano." Nililala usingizi mzuri kwa sababu hiyo sentensi ni ya kweli. Zilikuwa za manjano.

Baada ya kupandisha bei ndipo zilipotoka zaidi. Hilo lilinishangaza wakati ule. Shilingi kumi ilikuwa ushahidi: kama si nzuri, kwa nini ni ghali?

Mwaka huohuo wa 2018 kuna ripoti ya shirika la IFC ilitoka, iliyohesabu maduka zaidi ya 2,000 Kakuma na kuiita soko. Wageni wakaja wengi na madaftari. Mmoja alipita dukani kwetu, akapiga picha rafu. Nilijisikia vizuri. Rafu ile ilikuwa ya mkono wangu.

Nilikuja kujua jina la mambo haya mwaka 2019, nilipopata nafasi ya kusoma, masomo ya simu na kompyuta, kozi ya biashara. Kulikuwa na somo moja kuhusu mnunuzi. Mwalimu, ambaye sura yake niliiona kwenye kioo tu, alitupa kusoma utafiti wa Wamarekani wawili, Richard Nisbett na Timothy Wilson, wa mwaka 1977. Hawa watu walipanga mezani jozi nne za soksi ndefu za nailoni za wanawake, wakawaomba wapita njia dukani waseme ipi ni bora. Asilimia 40 wakachagua jozi ya mwisho upande wa kulia. Ya kwanza kushoto ilipata asilimia 12. Wakaulizwa kwa nini. Wakaeleza ufumaji, wakaeleza ulaini, wakaeleza uimara. Hakuna aliyetaja mahali soksi zilipowekwa, na walipoulizwa waziwazi kama nafasi mezani imewasukuma, karibu wote walikataa, wengine wakamtazama muulizaji kama mtu asiye na akili timamu.

Soksi zote nne zilikuwa zinafanana. Hakukuwa na tofauti yoyote.

Nilifunga simu. Nikatoka nje nikakaa kwenye jiwe. Sikuwaza Marekani hata kidogo, niliwaza "Haitoke moshi."

Kulikuwa na mwingine wa Uingereza. Adrian North na wenzake, mwaka 1997, katika supamaketi moja, waliweka rafuni mvinyo wa Ufaransa na wa Ujerumani, wa bei na utamu unaolingana, halafu wakawa wanapiga muziki, siku moja wa Kifaransa, siku nyingine wa Kijerumani, kwa wiki mbili. Siku za muziki wa Kifaransa ziliuzwa chupa 40 za Ufaransa na 8 za Ujerumani. Siku za Kijerumani, 22 za Ujerumani na 12 za Ufaransa. Na wateja walipoulizwa, wengi wakasema muziki haukuhusika. Nilisoma nikaona flashi mbili za Bosi. Mtu ambaye hajawahi kusikia habari za North alikuwa anafanya utafiti uleule kila mwezi, kwa samaki.

Lakini ngojeni, kuna jambo jingine ni lazima liwekwe sawa, kwa sababu nimewasikia vijana wetu kwenye vikao wakisema matajiri wanaweza kukuingiza kitu kichwani mpaka ufanye wanachotaka. Hiyo habari ina mzazi. Mwaka 1957 Mmarekani mmoja, James Vicary, alitangaza kwamba aliwasha maneno kwenye skrini ya sinema kwa haraka ambayo jicho haliwezi kuyaona, maneno ya kuwaambia watu wanywe Coca-Cola na wale bisi, na mauzo yakapanda. Dunia ikaogopa. Mwaka 1962 akakiri mwenyewe kwamba habari yenyewe ilikuwa ujanja wa kibiashara tu. Huyo ndiye kizingiti cha mzee wetu wa kanisa. Mtu anaruka kile ambacho hakipo.

Kilichopo ni kidogo na kiko wazi kabisa. Rangi ya kifuniko unaiona. Muziki unausikia, unauimba hata. Kinachofichika ni ile safari ya kutoka kwenye rangi mpaka kwenye mkono wako. Na hakisukumi mtu anayejua anachotaka. Mama aliyekuja na shilingi 200 za mwisho anataka unga, mpigie hata bendi nzima, atachukua unga. Kinamsukuma yule aliye katikati, chupa hii au hii, na sisi wa kambi tuko katikati mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu vitu vyenyewe hatuvijui. Nyumbani Fizi mama mudogo alijua mawese ya nani ni mazuri. Aliyajua kwa jina la mwanamke aliyeyakamua. Hapa anapewa chupa bila jina. Atashika nini kama si rangi?

Wakenya wazee wamewahi kunisimulia kuhusu unga wa manjano. Mwaka wa njaa, 1984, mahindi ya manjano yaliletwa kutoka nje, na mpaka leo kuna mtu ukimwekea ugali wa manjano anasukuma sahani. Haukuwa na sumu, unashibisha sawasawa. Ila rangi ile kwao inasema njaa na msaada. Kwetu sisi watu wa upande wa ziwa, manjano inayoelekea wekundu inasema kitu kingine kabisa.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Duka lilikuwa linakopesha. Meseji ikichelewa, au ikiisha kabla ya mwezi, unachukua unga na mafuta, unaandikwa kwenye daftari, unaacha laini yako dukani pamoja na namba ya siri. Meseji ikiingia duka linajilipa, kinachobaki unachukua chakula palepale. Laini zilikaa kwenye kopo la biskuti, kila moja imefungwa plasta yenye jina. Kila mtu alijua. Mama mudogo alijiweka mbali na kopo hilo miaka miwili yote. Halafu mtoto wake wa nne akaugua, akauza chakula kidogo kupata nauli ya kumpeleka Lodwar, na mwezi uliofuata akakopa. Mwandiko kwenye plasta ya laini yake ni wangu.

Ukishaingia kwenye kopo, kutoka ni kazi. Ilipofika mwisho wa 2019, nikiwa nakaribia kuacha kazi, deni lake lilikuwa shilingi 1,950. Usiku mmoja nikachukua daftari nikaanza kuhesabu kitu ambacho hakuna aliyenituma kukihesabu. Miezi kumi na nne. Chupa tano kwa mwezi, mwezi mwingine nne. Chupa 68 za kifuniko cha manjano. Shilingi 680.

Zaidi ya theluthi ya deni lake ilikuwa rangi. Karibu nusu ya chakula cha mwezi mzima cha mtu mmoja. Na mstari kwa mstari, "mafuta manj. 110", mwandiko wa kulala kidogo upande wa kulia kama alivyonifundisha yeye mwenyewe kushika kalamu, ingawa yeye hajui kuandika. Alikuwa ananishika mkono na kusema, "Fanya kama vile mwalimu anafanya."

Mshahara wa mwisho nilipopewa nikahesabu 680, nikaenda kwake. Nilimkuta nje anachambua lengalenga. Nikakaa chini, nikamweleza yote. Jerikeni moja. Chaki. Soksi za Wamarekani pia nilizieleza, sijui kwa nini, nadhani nilitaka ajue kwamba hata watu waliosoma wanadanganyika. Aliendelea kuchambua, majani mazuri upande huu, mabovu upande ule. Nilipomaliza akanyamaza kidogo.

"Ulijua?"

Nikasema ndiyo.

"Toka lini?"

"Toka siku ya kwanza, mama mudogo. Mimi njo nilimimina."

"Na mukono yako njo iliandika mu kitabu."

"Ndiyo."

Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane. Akasema tu, bila kuniangalia, kwamba siku ile alipoona vile vifuniko vimepangwa kwenye rafu, aliona soko la Baraka, upande wanaokaa wauza mawese. Ilikuja tu mara moja. Akasema alijua si mawese, yeye si mujinga, mawese anayajua. "Lakini nilisema, wacha nione ile kwa nyumba."

Kisha akaongeza, "Ungeniambia. Ningelipa vilevile. Lakini ungeniambia."

Hapo sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nimewaza mara nyingi kama ni kweli angelipa. Utafiti wa soksi unasema mtu akishachagua anatengeneza sababu, na sababu hiyo anaiamini. Labda soko la Baraka nalo ni ufumaji na ulaini, limekuja baadaye. Labda ni kinyume, na ni mimi na Bosi tuliokuwa tunauza kitu bila kujua tunauza nini. Nikifikiria hivyo nafarijika kidogo, na nikifarijika nashuku, maana ni rahisi mno kwa mtu aliyekuwa anashika kalamu.

Alichukua pesa. Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye ncha ya kitenge. Halafu akauliza:

"Vile vifuniko mulivitosha wapi?"

"Kwa watoto wanaookota chupa. Wanatuuzia."

Akageuka akamwita mtoto wake wa pili, yule wa miaka kumi, ambaye wakati wote huo alikuwa nyuma ya nyumba na gunia lake. Akaja mbio.

"We, chupa unauzisha dukani bei gani?"

"Mbili."

"Zote?"

Mtoto akanitazama mimi kwanza. Mimi nilijua jibu, ila sikuwahi kuliunganisha na nyumba hii. Bosi alikuwa ameanza kutoa zaidi kwa aina moja.

"Ya manjano tatu," akasema. "Juu ya ile mama unapenda."

Mama mudogo alimwangalia mtoto, akaniangalia mimi, akaangalia gunia. Niliona vidole vyake vinahesabu juu ya goti, tatu, tatu, tatu. Kisha akaanza kucheka, kicheko kile cha tumbo, mpaka lengalenga likamwagika, mpaka jirani akachungulia. Mtoto naye akacheka bila kujua ni nini. Mimi sikucheka haraka.

Alipotulia akafuta macho, akakusanya majani, akaweka sufuria juu ya makaa. Akaingia ndani akatoka na chupa, imebaki nusu. Akafungua kile kifuniko, akakiweka juu ya jiwe karibu yake, akamimina. Tukakaa watatu tunatazama sufuria, mtoto katikati. Mafuta yakapata moto, akatia kitunguu.

"Angalia," akaniambia.

Haikutoa moshi.